Mkono Ukifa Ganzi, Lugha Isife Ganzi

Sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tumezoea kuipima lugha yetu kwa mashairi, riwaya na tamthilia zake. Tunajivunia ufasaha wa malenga na upevu wa waandishi, na ni haki yetu kujivunia. Hata hivyo, kuna kipimo kingine ambacho hatukikumbuki mara kwa mara. Je, mgonjwa anaweza kuitumia lugha hii kueleza maradhi yake mpaka yakatambulika? Na mhudumu wa afya, je, anaweza kuitumia kumshauri mgonjwa huyo mpaka akaelewa na kupona, au angalau akaepushwa na madhara?

Maoni yangu katika makala haya ni kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa kazi hiyo, ila sisi wasomi wake hatujayachambua wala kuyapeleka mahali yanapohitajika. Nimechagua mfano mmoja ili hoja isielee hewani: matatizo ya mzunguko wa damu katika viganja na nyayo za watu wenye lupasi. Nimeuchagua kwa sababu tatizo hili huja na kutoweka. Vidole hubadilika alfajiri kwenye baridi, na mgonjwa afikapo kwa daktari saa nne, jua limekwisha kuchomoza na vidole vimerudia hali yake. Hakuna cha kuonyesha. Kinachobaki ni maneno ya mgonjwa, na maneno hayo yakipotoka, uchunguzi nao hupotoka.

Maradhi yenyewe

Lupasi ni maradhi ambayo kinga ya mwili humgeukia mwenyewe. Askari aliyewekwa kulinda nyumba huanza kuishambulia nyumba hiyo: ngozi, viungo, figo, moyo, mapafu, hata ubongo. Wahenga waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako, hawakuwa na maradhi haya akilini, lakini usemi huo unayafaa barabara. Lupasi haiambukizi. Kati ya watu wazima kumi walio nayo, tisa hivi ni wanawake, na wengi wao huanza kuugua wakiwa kati ya miaka 15 na 44. Uchunguzi uliofanywa Marekani na Uingereza umeonyesha kwamba wanawake wenye asili ya Afrika huipata zaidi kuliko wanawake wazungu, na mara nyingi huwa kali zaidi kwao. Msomaji atambue kwamba umri huo ndio umri wa wengi wanaoketi katika madarasa yetu.

Mwaka 1862, daktari Mfaransa Maurice Raynaud alieleza hali ambayo hadi leo inabeba jina lake. Mtu akipatwa na baridi, au akishikwa na wasiwasi mkubwa, ateri ndogo za vidole hujibana kupita kiasi. Damu ikikatika, vidole huwa vyeupe na kufa ganzi. Damu kidogo iliyosalia ikiishiwa na oksijeni, vidole hugeuka buluu. Ateri zikifunguka tena, damu hurudi kwa kishindo. Vidole huwa vyekundu, vikapwita na kuchonyota. Tukio hilo laweza kuchukua dakika chache au saa nzima, na si kila mtu hupitia hatua zote tatu. Takriban thuluthi moja ya watu wenye lupasi hupatwa na hali hii.

Ikumbukwe kwamba watu wengi wenye afya njema pia huwa na hali ya Raynaud, na haiwadhuru. Kinachomshtua daktari ni hali hiyo kuanza baada ya umri wa miaka 30, kushika upande mmoja kuliko mwingine, kuuma sana, kuacha vidonda kwenye ncha za vidole, au kuandamana na dalili nyingine kama vile uvimbe wa viungo, upele wa usoni, vidonda vya kinywani na uchovu usioisha. Isitoshe, lupasi ina njia nyingine mbili za kuzuia damu. Mishipa yenyewe huweza kuvimba kwa ndani. Aidha, baadhi ya wagonjwa wana kingamwili zinazoifanya damu iwe nyepesi kuganda, na donge la damu likiziba ateri, sehemu iliyo mbele yake hufa. Kidole kisichorudia rangi yake hata baada ya kupashwa joto, ncha inayoanza kuwa nyeusi, au wayo mmoja uliopoa ghafla huku mwingine ukiwa na joto, si mambo ya kusubiri kliniki ya mwezi ujao. Ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Maneno mapana kuliko maradhi

Sasa tuje kwenye taaluma yetu. Mwanamke anayechuma majanichai Limuru au Kericho anapoamka mwezi wa Julai na kukuta vidole vyake vimefanya hivyo, atasema nini akifika kwenye zahanati?

Yamkini atasema, "Mkono unaniuma." Neno mkono katika Kiswahili huanzia begani na kuishia kwenye kucha. Neno mguu vilevile huanzia nyongani na kuishia kwenye kidole gumba. Katika mazungumzo ya kila siku upana huo haumdhuru mtu. Mbele ya daktari, unadhuru. Mgonjwa mwenye donge la damu kwenye shavu la mguu na mgonjwa ambaye wayo wake umekosa damu wote watasema "mguu una shida", ilhali wa kwanza mguu wake umevimba na kupata joto, na wa pili wayo wake umepoa na kupauka. Si kwamba Kiswahili ni maskini wa maneno. Tuna kiganja, kitanga, kiwiko, kifundo, kisigino, wayo, shavu la mguu, kidole cha shahada, ncha na ukucha. Maneno haya tunayafundisha katika madarasa ya msamiati kisha tunayaacha humo humo.

Neno la pili ni mshipa. Kwa Mswahili, mshipa ni njia ya damu iendayo, ni njia ya damu irudiyo, ni neva, ni kano, na zaidi ya hayo ni ugonjwa wa ngiri au busha. Mgonjwa akiambiwa kwamba "mishipa yako imebana", anaweza kuondoka akiamini kwamba ana ngiri, au kwamba neva zake zimeharibika, au kwamba amechoka tu na anahitaji kukandwa. Vitabu vya sayansi kwa Kiswahili vina ateri, vena, kapilari na neva. Ni maneno ya mkopo, na sioni aibu yoyote katika kuyatumia, mradi yaandamane na maelezo mafupi: ateri ni mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni. Sentensi moja kama hiyo inatosha kumtoa mgonjwa gizani.

Neno la tatu ndilo la hatari zaidi, nalo ni baridi. Kiswahili kinayaita maumivu ya viungo baridi yabisi. Jina hilo ni la kale na ni zuri, lakini limejenga imani kwamba maumivu yoyote ya mkono yanayokuja na baridi ni baridi yabisi, na kwamba baridi yabisi ni maradhi ya wazee. Basi msichana wa miaka 22 akisema kwamba baridi inamshika vidole, jirani na mwuza dawa wote watamjibu neno hilo moja, na atapewa dawa ya kutuliza maumivu. Hakuna atakayemuuliza kama vidole hubadilika rangi. Lupasi nayo huuma viungo kwelikweli, hivyo jibu hilo halikosi ukweli kidogo, na ukweli huo mdogo ndio unaomchelewesha. Hali kadhalika, baridi si ya milimani peke yake. Mchuuzi wa samaki wa Mombasa anayechota barafu, mhudumu wa duka anayefungua jokofu mara kwa mara na karani anayeketi chini ya kiyoyozi wanaweza kupatwa na hali ya Raynaud huku jua linawaka nje. Tukiendelea kuihusisha baridi na masika na milima tu, watu hawa hawatajitambua.

La nne ni rangi. Vitabu vingi vya tiba vimeeleza vidole vya Raynaud kwa kutazama ngozi nyeupe: vyeupe, buluu, vyekundu. Katika ngozi nyeusi weupe huo mara nyingi huonekana kama rangi ya majivu, na ubuluu huonekana kama zambarau iliyokolea au weusi uliozidi ule wa kawaida. Mabadiliko huonekana vyema zaidi kwenye viganja, nyayo na chini ya kucha. Kiswahili kina vivumishi vya asili vitatu tu vya rangi, yaani -eupe, -eusi na -ekundu, na rangi nyingine tunazitaja kwa kufananisha: rangi ya kijivu, ya kahawia, ya zambarau, ya samawati. Wengine huuona huo kuwa upungufu. Mimi nauona kuwa ni nafuu kwa mgonjwa, kwa kuwa humlazimu ataje kitu alichokiona. "Vidole vilikuwa kama vimepakwa majivu mpaka hapa, kisha mstari" ni maelezo bora kuliko "vilikuwa vyeupe", kwa sababu yanataja rangi ya ngozi yetu na yanataja mpaka unaokata kati ya sehemu yenye damu na isiyo na damu. Tahadhari ni moja: tukisema ngozi imepauka, msikilizaji anaweza kudhani imekosa mafuta. Ni sharti mgonjwa aulizwe kama ilipauka ghafla, na kama ilirejea.

Neno la tano ni kinga. Tangu miaka ya 1980, ufupisho UKIMWI umewafunza wasemaji wa Kiswahili kwamba kinga ikipungua mtu huangamia. Lilikuwa somo la lazima na liliokoa watu. Lakini lupasi ni kinyume chake: kinga haijapungua, imeasi. Dawa kadhaa za lupasi huizuia kinga isifanye kazi kwa nguvu zake zote. Sasa mweleze mgonjwa, "Tutakupa dawa ya kupunguza kinga." Atasikia nini? Atasikia jina la maradhi mengine kabisa, na huenda akazitupa dawa hizo njiani. Tukisema "dawa ya kutuliza kinga", hatujamdanganya wala hatujamtisha. Maradhi ya jamii hii nayo nadhani yangefaa kuitwa maradhi ya kinga-asi, kwa kuwa kitenzi kuasi kila msemaji anakijua. Kama kuna mwenye pendekezo bora, na alilete. La msingi ni kwamba neno lijulikane kwa mgonjwa kabla ya kujulikana kwa mwanaistilahi.

Ushauri nao ni lugha

Tatizo haliishii kwenye dalili. Ushauri anaopewa mgonjwa pia hupotea katika tafsiri. Mara nyingi huambiwa "weka mikono joto". Maneno ni sahihi, ila kitendo kinachofuata ni hatari: mgonjwa huinyoosha mikono juu ya jiko la makaa. Vidole vilivyokufa ganzi havihisi moto, na ngozi huungua kabla mwenyewe hajajua. Ushauri ulio kamili ungesema: vaa sweta, kofia, glavu na soksi kabla ya kutoka, kwa sababu mwili wote ukipoa vidole hubanwa hata vikiwa ndani ya glavu, ukishikwa, tia viganja kwapani au kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto, usivute sigara, maana tumbaku huzibana ateri zaidi.

Vivyo hivyo kwa dawa. Dawa moja inayotumiwa sana kuzifungua ateri za vidole, nifedipini, hutumiwa pia kwa shinikizo la damu. Mgonjwa asiyeelezwa huambiwa na jirani kwamba amepewa "dawa ya presha" na huiacha kwa kuwa hana presha. Wakati huo huo, baadhi ya dawa nyingine za shinikizo, baadhi ya zile za kipandauso, na baadhi ya zile za kufungua pua wakati wa mafua huweza kuizidisha hali ya Raynaud. Kwa hiyo "dawa ya presha" ni usemi mpana mno. Kuna inayomwokoa mgonjwa huyu na kuna inayomdhuru, naye anastahili kuzijua kwa majina.

Pingamizi mbili

Najua kuna watakaopinga. Wa kwanza watasema kwamba daktari alisoma kwa Kiingereza na bibi wa kijijini huzungumza lugha ya mama, hivyo Kiswahili hakina nafasi kati yao. Ukweli ni kinyume cha hayo. Muuguzi aliyezaliwa Homa Bay akihamishiwa Nyeri, na daktari kutoka Bungoma akifanya kazi Kilifi, lugha inayosimama kati yao na mgonjwa ni Kiswahili, hata kikiwa cha kuchechemea. Tena jambo hili limekwisha kuwa la kisheria. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Haki zipo, zilizokosekana ni sentensi za kuzitekelezea.

Wa pili watasema kwamba kazi hii ni ya madaktari, na kwamba kamusi zipo. Ni kweli kwamba zipo, na kazi kama Kamusi ya Tiba iliyotolewa na TUKI mwaka 2003 inastahili heshima. Lakini kamusi ya istilahi humfaa yule ambaye tayari anaijua istilahi. Mgonjwa haanzii kwenye jina la maradhi, anaanzia kwenye mwili wake: kuchonyota, kupwita, kuwaka moto, kutambaliwa na sisimizi chini ya ngozi, kufa ganzi. Nani atakayezikusanya semi hizo, azilinganishe kutoka Lamu hadi Busia, na kumwambia daktari kila mmoja una maana gani? Daktari hakufunzwa isimu. Sisi tumefunzwa.

La kufanya

Napendekeza mambo matatu, yote yakiwa ndani ya uwezo wa vyama vyetu vya wanafunzi. Kwanza, baadhi ya tasnifu zetu zitoke maktabani ziende kliniki. Tuna tasnifu nyingi kuhusu taswira ya maradhi katika riwaya. Tuwe pia na chache kuhusu namna wagonjwa wanavyoyataja maradhi yao, kwa idhini yao na kwa kulinda siri zao. Pili, tushirikiane na wenzetu wa vitivo vya tiba na uuguzi kuandika maswali ya Kiswahili yanayolenga. Kwa mfano: "Ukishika maji baridi, vidole hubadilika rangi? Huwa kama majivu? Ni vyote au baadhi? Huchukua muda gani kurudi?" Maswali manne kama hayo yanaweza kumtoa msichana wa miaka 22 kwenye baridi yabisi na kumfikisha kwa daktari anayemfaa. Mwenye simu ashauriwe pia apige picha ya vidole pindi vinapobadilika. Tatu, kila karatasi ya ushauri tutakayoitafsiri isomwe kwanza na mtu asiye msomi, na palipomkwaza parekebishwe. Tafsiri isiyojaribiwa ni kama dawa isiyojaribiwa.

Siku ya Lupasi Duniani huadhimishwa tarehe 10 Mei, na Siku ya Kiswahili Duniani huadhimishwa tarehe 7 Julai. Kati ya siku hizo mbili ndipo baridi inapoingia katika nyanda zetu za juu na vidole vya wagonjwa hawa vinapoanza kuteseka. Badala ya kuijaza Julai kwa hotuba za kukisifu Kiswahili, chama kimoja kingeweza kuutumia muda huo kuandaa karatasi moja tu ya maswali na ushauri, na kuipeleka katika zahanati iliyo jirani na chuo. Kidole kimoja hakivunji chawa: mwanaisimu peke yake hawezi, na daktari peke yake hawezi. Wakikutana, huenda kuna mtu mahali fulani ambaye hatapoteza kidole chake kwa sababu tu alikosa neno la kukieleza.